Mama Filemoni wa Mkomaindo

Usharika wetu wa Kilutheri wa Masasi ni wa watu wa kuja. Jumapili ibada ikitoka, simama pale mlangoni usikilize: Kichaga, Kikinga, Kinyaturu, Kihaya, halafu Kiswahili cha kila mkoa. Ni walimu, wauguzi, askari, maafisa kilimo, makarani wa mahakama. Tuliletwa na barua za uhamisho, na wengi wetu tunasubiri barua nyingine ije itutoe. Mimi nilifika mwaka 2018 kutoka Makete kufundisha sekondari, na wiki ya kwanza nililia kwa sababu ya joto tu. Wenyeji wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, hawakuwa na neno baya nasi. Walituita watu wa kanisa la wageni, na walikuwa wanasema kweli.

Dorika hakuwa mgeni. Alizaliwa Kitangari, huko juu Newala, katika familia ya wakulima wa korosho waliobatizwa Kianglikana tangu kwa bibi yake. Nilipomkuta alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti nzito usiyoitegemea katika mwili ule. Katika safu yetu ya sauti ya pili ya kwaya ndiye pekee aliyejua mvua za kwanza huanza lini na ming'oko mizuri, vile viazi vya porini, inauzwa wapi. Sote tulimwita Mama Dominika, kwa jina la binti yake aliyeolewa Nachingwea. Tulidhani Dominika ndiye mtoto wake pekee.

Haya ninayosimulia, mengi alinieleza mwenyewe. Mengine niliyaona.

Mwaka 1998 mumewe, Dastani, alikuwa ameshateremka mjini kutafuta riziki. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Mkomaindo, na mbele ya chumba, chini ya kipande cha bati, akawa anatengeneza baiskeli. Dorika alibaki Kitangari na mtoto wao wa kiume, Filemoni, wa miaka mitatu. Alilima, akateka maji kama wanawake wote wa kule, ambako kisima kiko bondeni na nyumba iko juu. Wiki ya Pasaka aliteremka na mtoto kumtembelea mume. Siku ya pili Filemoni akashikwa na homa. Siku ya tatu akapata degedege, wakamkimbiza hospitali. Watu wa wodini walifanya yote waliyoweza. Siku ya tano, saa nne asubuhi, mtoto akafariki.

Muuguzi aliyekuwa naye saa ile alikuwa mwanamke wa Kihaya, mgeni kabisa mjini, jina lake Veridiana. Ndiye aliyekuwa akimkanda mtoto kwa maji siku zote mbili, na ndiye aliyemwogesha mwishoni, maana Dorika hakuweza kunyanyua mikono.

"Hakuwa na haraka," Dorika aliniambia. "Alimwosha mpaka katikati ya vidole vya miguu, kama mtoto anayeandaliwa kwenda kanisani."

Alhamisi iliyofuata Veridiana alibisha hodi kwenye kile chumba, akiwa na wanawake wawili wa kanisa la Kilutheri. Walikuwa na chupa ya uji na mche wa sabuni. Wakakaa mkekani, wakaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, wakaomba, kisha wale wawili wakaaga. Veridiana hakunyanyuka.

"Dada, wenzako wanakuacha," Dorika alimwambia.

"Waache waende. Leo siko zamu. Mama Filemoni, umekula?"

Dorika alishtuka. Tangu mazishi watu walikuwa wakilikwepa jina lile kwa huruma. Mama mkwe alimwita mwanangu, majirani walimwita shoga, Dastani hakumwita kitu.

"Nimekuudhi?" Veridiana aliuliza.

"Hapana. Ni kwamba hakuna anayeniita hivyo tena."

"Mimi yule mtoto nimemwogesha kwa mikono hii. Nitakuita kwa jina lake mpaka siku utakayoniambia niache."

Dorika hakumwambia aache.

Hakurudi kuishi Kitangari. Alisema angepita wapi asikutane na mahali ambapo mtoto alikuwa akicheza? Akabaki na Dastani mjini, na kila Alhamisi akawa anafuatana na Veridiana hospitali, na Jumapili kanisani kwake. Wakati huo Walutheri wa Masasi hawakuzidi arobaini, wakisali kwenye darasa la kuazima, na kazi yao ya huruma ilikuwa hiyo moja: kuwatembelea wagonjwa, wa dini yoyote, wodi kwa wodi. Veridiana alimfundisha. Usisimame miguuni kwa mgonjwa kama askari, kaa. Uliza kwanza kama amekula, kuomba kutafuata. Ukikuta amelala, mwachie uji kwa jirani yake. Jirani wa Dorika, Maryam, Mwislamu aliyekuwa akiuza vitumbua, ndiye aliyekuwa na sufuria kubwa kuliko wote mtaani, kwa hiyo uji ulipikwa kwake, na mara nyingine alikwenda nao.

"Mgonjwa wenu na mgonjwa wangu wanalala wodi moja," alikuwa akisema, "nikae hapa nifanye nini?"

Mwaka 2000 Dorika alimzaa Dominika mwezi wa kwanza, na Veridiana akamzaa Stella mwezi wa tatu. Stella akiwa na wiki sita, mama yake alishikwa na malaria kali, akalazwa siku nne. Dorika alikwenda akamchukua mtoto akamnyonyesha pamoja na wake, mmoja ziwa hili, mmoja ziwa lile, amekaa kwenye kigoda cha Maryam mgongo ukimuuma. Hakulihesabu kuwa jambo. Kwa Veridiana lilikuwa jambo kubwa mno kusemwa, kwa hiyo hakulisema. Alianza tu kuja kila jioni.

Jioni hizo ndizo Dorika alizokuja kuzililia. Veridiana alikuwa na hamu ya kwao isiyoisha. Alizungumza habari za ziwa, za migomba iliyozunguka nyumba mpaka jua haliingii, za mvua. "Kwetu huulizi kama mvua itakuja," alisema. "Unauliza itakatika lini." Dorika, aliyepanda mlima na ndoo kichwani tangu akiwa na miaka saba, alimsikiliza kama mtu anayesikiliza hadithi za kutunga. Siku moja kopo la senene, panzi wa kukaanga wa kwao, lilifika kwa basi kutoka Bukoba. Maryam alikataa hata kulisogelea. Dorika alikula, akatafuna sana, akasema kumbikumbi wana ladha zaidi, Veridiana akanuna mpaka kesho yake. Lakini kwa ming'oko alikuwa ameshinda Wamakonde wenyewe. Ikifika msimu, aliinunua ya moto barabarani, akaimenya huku anatembea, sare nyeupe ikapata madoa.

"Siku moja nitakupeleka kwetu," alimwambia Dorika.

"Kwanza nipeleke Lindi," Dorika alijibu, "maana hata huko sijafika."

Mwaka 2009 mume wa Veridiana, Christopher, karani wa mahakama, alipata uhamisho kurudi Bukoba. Kanisa lilikuwa limeshazoea kuaga. Kulikuwa na utaratibu wake: pilau, soda, wimbo wa kwaya, na mama mmoja wa kumfunga anayeondoka kitenge kiunoni. Mama huyo kila mara alikuwa Dorika, kwa sababu yeye haondoki. Alikuwa amewafunga vitenge watu wasiopungua ishirini. Siku ile alikifunga, akashindwa kukaza fundo, mtu mwingine akamsaidia. Stendi, Stella mwenye miaka tisa alikuwa akilia kwa kuachana na Dominika, na mama zao wakapata la kufanya: kuwanyamazisha watoto. Kwa hiyo, Dorika alisema, hawakuagana. Basi liliondoka Veridiana akiwa bado anamfuta mwanawe kamasi.

Kwanza walipigiana kila Jumapili baada ya ibada. Halafu kila mwezi. Halafu Krismasi na Pasaka, kama wanavyofanya watu wengi, pasipo ugomvi wowote. Kila alipopiga, Veridiana alianza vilevile: "Mama Filemoni, umekula?" Na Dorika alikuwa akijibu ndiyo hata kama hajala.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilifungwa. Namba ya kitambulisho cha Dorika ilikuwa bado haijatoka. Alipopata laini mpya, namba zote za zamani zilikuwa zimekwenda na ile ya kwanza, na ya Veridiana hakuwahi kuikariri. Aliuliza kwa watu. Wale waliomfahamu Veridiana kanisani walikuwa wamehama zamani. Alimpa mchungaji mmoja aliyekuwa anakwenda mkutanoni Arusha karatasi yenye majina ya mume na mke, amuulizie kwa wajumbe wa Bukoba. Mchungaji huyo naye akahamishwa, na karatasi haikuleta jibu.

Basi ikabaki maombi. Kila Alhamisi, kabla hatujaingia wodini, tunasimama langoni tukiwataja wagonjwa na wasafiri, na kila Alhamisi Dorika alimalizia: "Na dada yetu Veridiana, huko aliko, umpe afya." Sote tunaitikia amina. Mimi nilidhani ni ndugu yake wa Dar es Salaam. Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Aliniambia baadaye kwamba miaka hiyo alikuwa akisikia ndala za muuguzi kwenye korido, zile zinazoburuzwa kidogo, anageuka kabla hajakumbuka. Msimu wa ming'oko ukianza alinunua mafungu mawili, akafika nyumbani akagundua kwamba la pili halina mwenyewe. Dastani alikuwa halili ming'oko.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka 2023, mzee wa kanisa aliwaomba wageni wasimame. Nyuma kabisa akasimama msichana mrefu, gauni la kijani, nywele fupi.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Naitwa Stella Christopher. Nimeajiriwa maabara, nimeripoti Jumatano. Nimetokea Bukoba, lakini nilizaliwa hapahapa Masasi, nikaondoka mdogo. Nawaletea salamu za nyumbani." Akatazama safu za mbele. "Pia namtafuta mama mmoja. Anaitwa Mama Filemoni."

Mzee wa kanisa, mtu wa Singida aliyekuwa na miaka miwili tu mjini, aliangalia kulia na kushoto. "Mama Filemoni? Tunaye hapa?"

Watu waligeuka wakatazamana. Mama mmoja alisema yupo Mama Filipo, je si yeye? Watu wakacheka.

"Labda alihama," mzee wa kanisa alisema kwa upole. "Hapa watu wanahama sana. Karibu, binti yetu."

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Dorika. Niliona amekikumbatia kitabu chake cha nyimbo kifuani, nikafikiri ana homa. "Mama Dominika, vipi?" nikamnong'oneza. Kwaya ikaitwa, tukasimama wote, yeye akabaki ameketi. Tuliimba sauti ya pili ikipwaya.

Ibada ilipotoka, nje mnada wa sadaka za mavuno ulikuwa umeanza. Mtu ameinua jogoo juu, watu wanapandishiana bei. Dorika alipita katikati yao akiwasukuma kwa viwiko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Stella alikuwa ameshasimamisha bodaboda. Dorika akamshika mkono.

"Shikamoo, mama," Stella alisema, akishangaa.

"Marahaba. Geuka nikuone." Akamtazama muda mrefu. "Kidevu ni cha baba yako."

"Mama unamfahamu baba?"

"Mimi ndiye Mama Filemoni."

Stella aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Sasa mbona hukusimama?"

"Miguu ilikataa." Akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka. "Mama yako hajambo? Bado anaburuza ndala? Iko wapi namba yake, nipe nimsemeshe sasa hivi."

Yule msichana alinitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumsaidia. Kisha akainama.

"Mama, hukupata habari?"

"Ningepata kwa nani?"

"Mama alifariki. Mwezi wa nane, mwaka juzi. Ilikuwa figo. Tulipiga namba yako, haikupatikana. Mimi ndiye niliyepiga. Kwenye simu yake ulikuwa umeandikwa hivyo tu, Mama Filemoni wa Mkomaindo. Hatukujua jina lako lingine. Alikuwa ameniambia nikijaliwa kufika huku nikutafute."

Nyuma yetu jogoo alinunuliwa, watu wakapiga makofi. Dorika alibaki ameushika ule mkono.

"Mwezi wa nane mwaka juzi," alisema. "Mwaka na nusu. Nimekuwa nikimwombea afya."

Tulikwenda nyumbani kwake watatu kwa miguu. Dastani alikuwa chini ya bati lake, amepindua baiskeli, ananyoosha spoku. Ni mtu asiye na maneno. Kwa miaka mitano niliyokuwa nimemfahamu nilikuwa sijamsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Stella alimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Huyu ni Stella wa Veridiana," Dorika alisema.

Stella hakujua lolote. Alikuwa anatimiza alichoagizwa. "Mama alinituma nije nimsalimie Mama Filemoni na Baba Filemoni," alisema.

Dastani aliweka spana chini. Akanyanyuka, akaingia ndani. Stella akanitazama tena, safari hii kwa hofu. Baada ya muda mzee alitoka amebeba kiti, kile kizuri chenye mto, akakifuta kwa pindo la shati lake.

"Kaa hapa," alisema. Stella akakaa. Mzee akabaki amesimama mbele yake, mikono yenye grisi ikining'inia. "Hebu sema tena."

"Niseme nini, baba?"

"Ulivyosema. Salamu."

"Mama alinituma nimsalimie Mama Filemoni na Baba Filemoni."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia vizuri. Akarudi kwenye gurudumu lake, lakini hakulizungusha. Dorika alikuwa amegeukia ukuta.

Alhamisi ile Dorika alitaka ifanyike ibada ya msiba nyumbani kwake. Mchungaji alikubali mara moja. Sisi wanawake wa kanisa tulifika na unga, sukari na mafungu ya kuni, tukakaa kwenye mikeka tukaimba vizuri sana, maana kuimba tunajua. Ukafika wakati wa kumzungumzia marehemu. Mchungaji akauliza nani ataanza. Tulikuwa thelathini na zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nilisikia aibu ambayo sikuweza kuieleza: tumeitikia amina kwa jina la mtu miaka yote ile, na leo hatuna hata neno moja la kusema juu yake. Dorika alisimama. Alisema, "Alikuwa muuguzi. Alitoka Bukoba." Kisha akakaa.

Hapo Maryam akaingia uani, na nyuma yake wanawake wa mtaa, kama kumi na watano, wamejifunika khanga vichwani, wamebeba sahani za wali. Mmoja, Bi Sikuzani, alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. Walikuwa wametoka kuswali alasiri.

"Tumesikia msiba ni wa Nesi Veri," Maryam alisema. "Mbona mmeanza bila sisi?"

Wakakaa katikati yetu, na wao ndio wakaanza kusema. Bi Sikuzani alisema Veridiana alimzalisha binti yake nyumbani kwa taa ya chemli, mvua imekata barabara, akamtukana mkwe wake aliyekuwa akipiga kelele mlangoni, na mkwe akanyamaza hata leo. Mwingine alisema alikuja kwenye harusi ya binti yake akacheza mpaka kiatu kikakatika mkanda, akacheza na kimoja. Mwingine alikumbuka alivyokuwa akitamka "Masasi" kwa lafudhi ya kwao, tukacheka, na yeye aliyekumbuka akalia. Maryam alimgeukia Stella.

"Wewe ziwa la huyu umelinyonya, kwenye kigoda changu. Wewe na Dominika ni ndugu wa ziwa. Kwa dini yetu, Dominika angekuwa mwanaume usingeweza kuolewa naye."

Stella alikuwa ametoa simu anarekodi. "Mama niliyemjua mimi hakuwa anacheza," alisema. "Alikuwa mgonjwa tangu niko sekondari. Endeleeni, tafadhali. Endeleeni."

Waliendelea mpaka jua likaelekea kutua. Mchungaji, ambaye kwao ni Njombe na ana miezi minane tu hapa, alifunga kitabu chake akasikiliza kama sisi.

Dominika alifika kesho yake kutoka Nachingwea na mtoto mgongoni. Alikuwa amekua akijua kwamba alikuwepo kaka yake, lakini lile jina lilikuwa halitajwi ndani ya nyumba. Alimkumbatia mama yake mlangoni, akamwita Mama Filemoni, akaingia jikoni kukoka moto. Sasa baadhi yetu tunamwita Dorika hivyo, wengine bado Mama Dominika. Anaitika yote mawili.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo alipumzika. Hakupumzika. Alhamisi mbili hakuja hospitali. Nilipomfuata aliniambia, "Mwalimu, zamani nilikuwa nangoja simu. Ilikuwa kitu, kungoja. Sasa niamke nikingoja nini?" Aliyemrudisha ni Stella, aliyempitia siku moja akitoka kazini, koti jeupe mkononi, akamwambia hajui namna ya kukaa na wagonjwa, maana maabara hukutana na damu yao tu, je atamfundisha? Dorika akatafuta ndoo ya uji.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 Stella alipata likizo, akamwambia anakwenda naye. Dorika alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji. Alisita: mvua ziko karibu, shamba lao la nje ya mji halijaguswa. Dastani ndiye aliyekata shauri. "Nenda. Shamba nitaanza mimi," alisema, na hizo ni sentensi mbili.

Walisafiri siku tatu. Alipovuka daraja la Rufiji alimwamsha Stella kumwonyesha, Stella akasema ameliona mara nyingi, akalala tena. Bukoba walipokewa na mvua. Ziwa lilikuwepo, kubwa kama alivyoambiwa, na migomba ilizunguka nyumba mpaka jua haliingii. Christopher alikuwa amezeeka, amekuwa mpole. Ukutani sebuleni palikuwa na picha ya mwanamke mnene, mwenye mvi na miwani. Dorika aliitazama muda mrefu kwa adabu. Hakumjua yule mama.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, limewekwa vigae vyeupe. Alikuwa ameogopa kwamba ataanguka pale, atawaaibisha wenyeji. Machozi hayakuja. Alisimama, mvua ikaanza tena, Stella akamletea mwavuli, akaukataa. "Ulisema utanileta," alimwambia Veridiana. "Nimejileta." Akakaa pale mpaka nguo zikashika mwili, kisha akarudi ndani kwa sababu walikuwa wamemwandalia chai.

Siku ya nne alinipigia simu. Nilisikia mvua nyuma ya sauti yake.

"Mwalimu, huku haikatiki. Wanaongea Kihaya kutwa, wananitafsiria wakikumbuka. Natamani ugali wa muhogo na kisamvu mpaka naota. Ninyi kule kwetu mlikuwa mnavumilia vipi?"

"Tulikuwa na wewe," nilimwambia.

"Nimekuja mpaka kwao," akasema, "na hayuko. Kule Masasi nikipita korido ya wodi ya watoto namkuta. Huku wana mtu mwingine, mzee, mgonjwa, wanampenda, sikumjua. Nimemkumbuka zaidi kuliko nilipokuwa mbali."

Baada ya hapo, Stella alinieleza, alifanya jambo moja. Kila asubuhi wifi zake Veridiana walikaa nyuma ya nyumba kumenya ndizi, na Dorika akaenda kukaa nao. Hakujua kumenya, utomvu ulimtia weusi mikononi, wakamcheka, wakamwonyesha. Huku wakimenya akawaomba wamsimulie miaka kumi na miwili ambayo yeye hakuwepo, mwaka kwa mwaka: alipoanza kuvimba miguu, alipoacha kazi, alichokuwa akikipenda kula mwishoni, nani alimwogesha. Walimweleza yote. Zamu yake ilipofika, naye akawapa miaka kumi na moja ya Masasi, ambayo wao hawakuwa nayo. Waliposikia kwamba wifi yao alicheza harusini na kiatu kimoja, mkubwa wao aliacha kisu, akamwambia arudie.

Christopher alimwomba akae mpaka mwaka mpya. Alishukuru, akasema mvua za kwao hazingoji. Siku ya tisa akapanda basi.

Alipofika Masasi alikuta mvua imeshanyesha mara mbili. Dastani alikuwa amepanda mahindi nusu ya shamba, mistari imekwenda upande kama mtu aliyepanda akiwa amefumba macho. Dorika aliitazama akacheka kwa sauti yake nzito, akavua viatu vya safari, akachukua jembe, akaingia kwenye nusu iliyobaki.